Mhimili wa utumbo na ubongo: kwa nini shibe huchelewa

Mtazame mtu anayefuturu kwa pupa, iwe Mikindani au Lindi mjini. Uji, muhogo wa nazi, tambi na vipande vya pweza vimeshuka kabla mwenzake hajamaliza kikombe cha kwanza. Robo saa baadaye ameegemea ukuta, anahema, anaapa kesho hatarudia. (Atarudia.) Tumbo lilikuwa limejaa mapema, habari ndiyo ilikuwa bado njiani.

Njia hiyo ndiyo inayoitwa mhimili wa utumbo na ubongo. Sehemu yake ya haraka ni neva ya vagasi, inayoanzia kwenye shina la ubongo na kushuka hadi matumboni. Wengi hudhani kazi yake ni kuteremsha amri, kumbe takribani asilimia 80 ya nyuzi zake hupandisha taarifa: tumbo limetanuka kiasi gani, kimeingia nini.

Sehemu ya pili hupitia kwenye damu, nayo haina haraka. Tumbo tupu hutoa ghrelini, homoni ya njaa iliyotambuliwa na watafiti wa Japani mwaka 1999. Hupanda karibu na saa uliyozoea kula. Ndiyo maana njaa ya saa saba mchana huuma kweli, kisha ukifika saa tisa imepoa, ilhali hujatia kitu kinywani.

Chakula kikiingia utumbo mwembamba, kuta zake humwaga homoni za shibe. Mojawapo, kolesistokinini, huamshwa hasa na mafuta na protini, na hupunguza kasi ya tumbo kuteremsha chakula. Korosho zina vyote viwili, mafuta pekee yakikaribia nusu ya uzito wake, kwa hiyo kiganja kimoja hukushikilia kuliko chupa ya soda, ambayo hupita tumboni mbio. Nyingine ni GLP-1. Hii ya mwilini huvunjika ndani ya dakika chache. Sindano za semaglutide, dawa ya kisukari na ya kupunguza uzito inayozungumzwa sana siku hizi, huiiga lakini hudumu mwilini kwa siku kadhaa.

Ila ubongo hausikilizi utumbo peke yake. Una pia maeneo ya raha, na hayo hufuata pua na macho. Ndiyo sababu yule yule aliyeegemea ukuta, ikipita sahani ya korosho za kukaanga, mkono wake utakwenda.