Konekshen stringi ni nini, na kwa nini kila databesi ina ya kwake

Juzi kaja dogo mmoja na laptopu yake hapa Mwanga, Kigoma, ananiambia kaka hii programu ya stoo nimeiandika mwenyewe, nyumbani inapiga kazi vizuri tu, ila nikiiweka kwenye kompyuta ya dukani kwa mama inagoma, inasema haioni databesi. Nikamwambia hebu nionyeshe konekshen stringi yako. Kaniangalia. Kaka ndo nini hiyo? Kumbe anayo, aliikopi sehemu akaipesti akabadilisha mawili matatu ikakubali, na tangu hapo hajaigusa wala hajui jina lake. Sasa nimeona niandike maana sio yeye peke yake.

Konekshen stringi ni mstari mmoja wa maandishi ambao programu inausoma ili ijue databesi (ghala inapotunza taarifa zake) iko kwenye mashine gani, inaitwaje, na yenyewe iingie kwa jina gani na paswedi gani. Ni hivyo tu. (Stringi kwa waandika programu ni herufi zilizofuatana, usiwaze kamba.)

Ukienda Kibirizi asubuhi wakati magunia ya dagaa yanapakiwa utaona kila gunia limeandikwa kwa makapeni, jina la mpokeaji, mji, soko, namba ya simu. Utingo hajui ya dagaa wala ya mwenye dagaa, yeye anasoma gunia. Limeandikwa Urambo linashuka Urambo, hata kama wewe moyoni ulikusudia Tabora mjini, na huwezi kumlaumu. Programu yako ndo huyo utingo. Tofauti ni moja, maandishi haya yanabeba na ufunguo wa stoo ndani yake, na hilo nitalirudia chini.

Tuangalie mmoja, huu ni wa MySQL, aina moja ya databesi, kutoka kwenye programu iliyoandikwa kwa lugha ya C#:

Server=192.168.1.20;Port=3306;Database=stoo;Uid=karani;Pwd=migebuka77

Kila kipande kina jina, alama ya sawasawa, halafu thamani, kisha nuktamkato inafunga. Ukipanga tofauti, paswedi ikaanza na seva ikamalizia, haina shida. Server ni mashine (hiyo 192.168.1.20 ni namba yake ya IP, yaani anwani yake kwenye mtandao), Database ni jina la databesi ndani ya hiyo mashine maana zinaweza kuwa kumi, Uid na Pwd ni jina la kuingilia na paswedi. Poti ni namba ya mlango: MySQL kwa kawaida anakaa 3306, PostgreSQL 5432, SQL Server 1433, Oracle 1521, MongoDB 27017. Usipoandika poti draiva, mkalimani wa programu na databesi, inachukua ile ya kawaida, ndo maana watu wengi wanafanya kazi miaka bila kuijua, mpaka siku wakute seva ambayo mwenyewe kaihamishia mlango mwingine.

Sasa swali linalosumbua watu ni kwa nini kila databesi ina mstari wake. Jibu ni kwamba anayeusoma huo mstari sio databesi, ni draiva, yaani yule mkalimani anayekaa kati ya programu na databesi, na kila draiva imeandikwa na watu wake kwa mazoea yao. Kwahiyo hata databesi ikiwa ile ile moja mstari unabadilika ukibadilisha lugha. MySQL ile ile ukiwa kwenye lugha ya PHP na PDO, kiunganishi chake cha databesi, inakuwa hivi:

mysql:host=192.168.1.20;port=3306;dbname=stoo;charset=utf8mb4

na hapo kwa kawaida jina na paswedi unazipa pembeni kama vitu viwili tofauti. Kwenye Java inakuwa hivi:

jdbc:mysql://192.168.1.20:3306/stoo

Ndo maana mtu akiniuliza konekshen stringi ya MySQL ikoje, naona kaniuliza nusu ya swali. Lugha gani, draiva gani? Wengi wanaoteseka wamechukua mstari wa draiva moja wakaupa nyingine, halafu wanashinda wanahangaika na paswedi ambayo haina kosa lolote.

PostgreSQL mara nyingi utaikuta kwa mtindo wa anwani ya intaneti:

postgresql://karani:migebuka77@192.168.1.20:5432/stoo

Jina, nukta mbili, paswedi, alama ya @, seva, poti, mkwaju, databesi. Unavutia kwa macho lakini una mtego ambao mimi mwenyewe ulinilaza macho. Nilikuwa nimeweka paswedi Dagaa@2021, najiona mjanja paswedi ngumu, nikaendesha, erra (ujumbe wa kosa) ikasema haiwezi kutafsiri jina la seva "2021@192.168.1.20". Nikakagua waya, nikakagua rauta, nikawasha upya kila kitu. Saa sita usiku ndo nikasoma ile erra kwa utulivu. Draiva ilipokutana na @ ya kwanza ikaona paswedi imeishia hapo, ni Dagaa, na yote yanayofuata ni jina la seva! Dawa yake ni kuandika %40 badala ya @ ndani ya paswedi, na # inakuwa %23, mkwaju unakuwa %2F, nukta mbili %3A. Au chagua paswedi ndefu ya herufi na namba tu ulale mapema.

SQL Server ina tabia zake. Poti haiwekewi nukta mbili, inawekewa mkato:

Server=192.168.1.20,1433;Database=stoo;User Id=karani;Password=migebuka77;TrustServerCertificate=True

Halafu ina majina mawili mawili kwa kitu kimoja, Server ni sawa na Data Source, Database ni sawa na Initial Catalog, kwahiyo ukiona mistari miwili haifanani usidhani mmoja ni wa uongo. Ukiona Trusted_Connection=True maana yake usitumie paswedi, tumia huyu aliyelogini kwenye Windows. Ile TrustServerCertificate ya mwisho imeanza kuonekana sana kwa sababu draiva mpya za Microsoft zinageuza mawasiliano kuwa ya siri bila kuombwa na zinataka cheti cha kuthibitisha seva ni yenyewe, na seva ya dukani haina cheti cha kueleweka, basi unaiambia mwamini tu. Ndani ya duka sawa. Kupita intaneti mi nakataa.

Access na SQLite hazina seva, ni faili. SQLite ni Data Source=stoo.db na umemaliza, ila draiva nyingi zisipolikuta hilo faili zinatengeneza jipya tupu bila kukwambia, halafu unaambiwa jedwali la bidhaa halipo, na wewe jedwali unaliona kwa macho yako. Unaliona kwenye faili lingine mzee. Andika njia nzima ya faili uone. Access nayo inataka Provider=Microsoft.ACE.OLEDB.12.0 na ikikwambia haijasajiliwa kwenye mashine, mara nyingi ni draiva ya biti 32 na programu ya biti 64, au kinyume chake.

Turudi kwa dogo. Mstari wake ulikuwa na Server=localhost. Hili neno localhost ni kama neno kwetu. Mtu wa Ujiji akisema kwetu na mtu wa Kasulu akisema kwetu wametamka neno moja wamemaanisha sehemu mbili. Kwenye laptopu yake localhost ni laptopu yake, databesi ipo, inakubali. Akiibeba programu mpaka kompyuta ya dukani, localhost sasa ni hiyo kompyuta ya dukani, ambayo databesi haina. Mstari haujabadilika hata herufi moja ila maana imehama.

Tukaweka 192.168.1.20 ambayo ni laptopu yake. Erra ikabadilika, ikasema mashine hii hairuhusiwi kuunganishwa. Dogo kashika kichwa, mi nikafurahi. Na hapa ndo pa kushika, erra inakwambia umefika wapi kwenye ule mstari. Ikisema jina la seva halijulikani, kosa liko kwenye Server. Ikikaa kimya halafu ikasema muda umeisha, hakuna anayejibu, ni namba ya IP sio yake au fayawoli, mlinzi wa mawasiliano ya mashine, inakata. Ikisema imekataliwa, yaani connection refused, mashine umeipata ila kwenye huo mlango hayupo mtu, angalia poti au huduma ya databesi haijawashwa. Ikisema Access denied hapo mlango umefunguliwa umeulizwa wewe nani, mara nyingi ni jina au paswedi. Ikisema Unknown database umeshapita kote, umekosea tu jina la databesi. Kila erra mpya ni kituo cha mbele.

Yetu ilikuwa ya mlangoni. Dogo alikuwa anaingia kama root, yaani yule mkubwa mwenye haki zote. MySQL inahesabu root anayetoka localhost na root anayetoka mashine nyingine kama watu wawili tofauti, na huyo wa pili hakuwepo. Nikamkataza kumuumba. Programu ya kuandika magunia yaliyotoka inahitaji root ya nini? Tukatengeneza 'karani'@'192.168.1.%', yaani karani anayetoka mashine yoyote ambayo IP yake inaanza na 192.168.1, tukampa haki za kwenye databesi ya stoo tu, na mstari tukautoa ndani ya programu tukauweka kwenye faili la mipangilio la pembeni, kwanza kwa sababu alikuwa anataka kuweka kodi yake, yaani maandishi ya programu, kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi programu, na paswedi ikiwa ndani, kila mtu aione, na pili kwa sababu umeme ukikatika ukirudi rauta inaweza kugawa IP upya, ile 20 ikawa 23, na hutaki kuijenga programu nzima upya kwa ajili ya namba moja. Bora zaidi ingia kwenye rauta uifunge hiyo IP kwa mashine ya databesi isihame.

Ikafunguka. Mama yake akaingiza magunia manne ya kwanza kwa kidole kimoja, anauliza baba huku nikibonyeza haifutiki? Haifutiki mama.

Dogo wakati anafunga begi akaniuliza, kaka na tawi la Kasulu nikiliwekea databesi yake nitabadilisha nini. Nikamwambia fungua lile faili unionyeshe wewe. Akaweka kidole kwenye 192.168.1.20, akafikiri, akakisogeza mpaka kwenye paswedi.