Mashine inafanya kazi, mteja yuko wapi? Ujasiriamali kwa wanafunzi wa uhandisi

Kila mwaka ikifika mwisho wa muhula wa pili karakana za vyuo vyetu vya uhandisi hapa Tanzania zinajaa mashine. Mashine ya kupukuchua mahindi, ya kukata majani ya ng'ombe, mita ya maji ya kulipia kwa simu, jiko la pumba. Zinafanya kazi kweli, wasimamizi wanatoa maksi, picha zinapigwa, alafu baada ya mahafali mashine inasukumwa nyuma ya jengo inakaa na kutu. Wazazi na hata wanafunzi wenyewe wanatuuliza, hivi mnawafundisha huo ujasiriamali au ni jina tu kwenye ratiba?

Jibu langu kama mtu wa kitengo cha ubunifu chuoni ni kwamba tunafundisha, ila sehemu nyingi tunafundisha mahali pasipofaa. Kozi inawekwa mwaka wa mwisho, darasa la watu mia mbili, slaidi za maana ya mjasiriamali na sifa kumi za mjasiriamali, mwisho mwanafunzi anaandika andiko la biashara la duka la stationery au ufugaji wa kuku maana ndio lipo mtandaoni la kukopi. Wakati huo huo projekti yake ya uhandisi iko karakana nyingine na msimamizi mwingine na hayo mambo mawili hayakutani kabisa. Mimi naona ujasiriamali wa injinia uanzie kwenye projekti yenyewe, kabla hajakata chuma hata kipande.

Nitatoa mfano wa grupu moja lililotaka kutengeneza kikaushio cha dagaa kinachotumia jua. Wazo zuri, kanda ya ziwa dagaa ni biashara kubwa na wengi bado wanaanika mchangani au kwenye miamba. Michoro ilikuwa safi, nailoni, feni ndogo, chanja za wavu. Tukawaambia kwanza nendeni mwaloni, pale ufukweni dagaa wanaposhushwa, mkaongee na wanaoanika, na msiulize "mama ukiletewa mashine hii utanunua?" maana swali hilo kila mtu atajibu ndio, Mtanzania hawezi kumvunja moyo kijana aliyetoka mbali na daftari lake. Ulizeni mara ya mwisho dagaa wake walipoharibika ilikuwaje, alipoteza ndoo ngapi, aliuza kwa nani, alifanya nini kujiokoa.

Wakarudi na jibu moja lililobadilisha michoro yote. Mama mmoja aliwaambia, wanangu jua likiwepo mimi naanika mchangani bure, shida yangu ni mvua, mvua ikinyesha siku mbili mzigo unaoza unauzwa bei ya chakula cha kuku. Sasa fikiria, vijana wanamtengenezea kikaushio cha jua mtu ambaye anahitaji kukausha siku ambayo jua halipo! Hesabu za joto zilikuwa sahihi kabisa kwenye ripoti, ila hakuna mtu aliyewahi kuuliza mashine itatumika siku gani. Ikabidi waongeze tanuri dogo la pumba za mpunga ambazo kule zinapatikana kwa wingi, na hapo ndipo uhandisi wenyewe ukawa mgumu na mtamu zaidi, moshi usiguse dagaa, joto lisizidi wakapikika badala ya kukauka.

Alafu ikaja bei. Tuchukue namba za mfano tu ili hesabu ieleweke. Vyuma, mabati, wavu na feni shilingi 640,000, vijana wanasema basi tutauza 800,000 tupate faida. Hawajaweka hela ya fundi wa kuchomelea 150,000, hawajaweka vijiti vya kuchomelea, mawe ya grainda na rangi 60,000, hawajaweka kusafirisha mpaka kisiwani 90,000. Hapo tayari ni 940,000. Weka na 60,000 ya akiba ya kurekebisha itakayoharibika ndani ya miezi ya mwanzo, tunafika milioni moja kamili, na wao wenyewe bado hawajajilipa hata mia. Kwa bei ya 800,000 kila mashine inakula laki mbili, kwa hiyo wakipata oda nyingi ndio wanafilisika haraka. Wanafunzi wanaopiga integrali kichwani wanashangaa hapa, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba muda wa fundi nao ni malighafi.

Na hata ikiwa milioni moja, mama wa mwaloni hana milioni, ana hela ya leo. Basi msimuuzie mashine, muuzieni kukaushiwa: anaweza kulipa 2,000 kwa ndoo siku ya mvua akiona mzigo wake unapona. Kikaushio kikibeba ndoo 10 kwa siku ni 20,000, kwa hiyo kurudisha milioni unahitaji siku 50 zilizojaa. Machi mpaka Mei ni siku 92, unaona kama inatosha, ila sio kila siku ya masika inanyesha na dagaa wa ziwa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wengi wanapumzika, basi toa kama theluthi ya siku hizo. Zinabaki kama 60, na kikaushio kikipata nusu ya mzigo ni 600,000 kabla hujamlipa anayesimamia moto. Maana yake masika moja haitoshi, unahitaji vuli na pengine masika ya pili. Hiyo ni biashara inayowezekana ila ya mtu mwenye subira, na kijana akishaijua hiyo namba anaamua akiwa macho wazi.

Hili la kuuza kazi ya mashine badala ya mashine yenyewe sio geni hapa kwetu. Askwar Hilonga, mhandisi wa kemikali wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha, alitengeneza chujio la maji linalounganisha mchanga na teknolojia ya nano, yaani ya chembe ndogo mno, na linaweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya sehemu husika. Anayejua Arusha na Kilimanjaro anajua habari ya floraidi, meno ya kahawia na mifupa kupinda, wakati kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 tu kwa lita. Mwaka 2015 alikuwa mshindi wa kwanza wa tuzo ya ubunifu wa uhandisi Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000. Lakini mimi kinachonivutia zaidi ya tuzo ni kwamba familia isiyoweza kununua chujio iliwekewa kituo, watu wanakuja kununua maji safi kwa bei nafuu. Nawaambia wanafunzi someni hiyo sehemu kabla ya ile ya nano.

Spea nazo ni ujasiriamali. Ukichagua bering ya namba ya kawaida kama 6204 mteja wa Kahama ataipata mjini kwake, ukichagua ya ajabu uliyoagiza mtandaoni ujue umemuuzia mapambo. Ndio maana nawapeleka wanafunzi mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwa mafundi, waambiwe ukweli bila PowerPoint.

Kuhusu makaratasi, wengi wanaanza na hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi (patent), kwa woga wa kuibiwa wazo. Kama kweli una kitu kipya duniani basi usikionyeshe Sabasaba wala Nanenane kabla ya kupeleka maombi BRELA, wakala wa usajili wa biashara na hataza, maana ukishakiweka hadharani unahatarisha ule upya wake. Ila tuseme ukweli, projekti nyingi za wanafunzi hazihitaji hataza, zinahitaji mteja wa tano. Karatasi ninayoidai mimi mapema ni makubaliano ya grupu. Watu wanne wanatengeneza mashine, mmoja anapata kazi mgodini Geita anaondoka, miaka miwili baadaye mashine inaanza kuingiza hela na yeye anarudi na robo yake. Andikeni tangu mwanzo nani ana nini na akiondoka inakuwaje, na ulizeni pia sera ya chuo inasemaje kwa kitu kilichotengenezwa na vifaa vya chuo. Baada ya hapo ndio SIDO, shirika la viwanda vidogo ambalo lipo tangu 1973 na lina ofisi mikoani, likusaidie eneo na barua ya kwenda TBS, shirika la viwango. Mtaji wa kuanzia usitegemee wawekezaji wa kwenye video, kuna ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri ambayo 4 ni ya vijana, sema inaenda kwa vikundi na inataka kufuatilia ofisini.

Wapo wanaosema sio kila injinia awe mfanyabiashara. Sawa kabisa, na wengi hawatakuwa. Ila atakayeajiriwa kwenye mradi wa maji kijijini atachagua pampu, na asipojua kamati ya maji inakusanya shilingi ngapi kwa ndoo atafunga pampu ambayo hawawezi kulipia dizeli yake.

Kwenye maksi ndio tuna ubishi mpaka leo. Sisi tunapendekeza projekti ipate alama kwa daftari la mahojiano na wateja, kwa jedwali la gharama lenye risiti, na alama za ziada kwa grupu lililopata advansi hata ya 20,000 kutoka kwa mtu asiye ndugu yao. Na grupu lililogundua katikati kwamba wazo lao halina mteja, likaonyesha ushahidi na kubadilisha, lisikatwe maksi. Baadhi ya watahini wa nje wanakataa, wanataka kuona kitu kinazunguka mezani. Hao tunawapa daftari la mwaloni wasome kwanza.