Kondo ya Niseko haikupi visa, na mlima wenyewe haujauzwa

Theluji ikianza kudondoka huku Hokkaido, kaskazini mwa Japan, na simu yangu nayo inaanza. Kiswahili siyo lugha rasmi ya dawati letu la ushauri kwa wageni, ila wanaoniuliza kwa Kiswahili wameongezeka mpaka wakubwa wakaniambia hebu andika kitu kimoja watu wasome, maana kila siku unarudia yale yale. Basi naandika. Haya ni maelezo ya jumla, hayachukui nafasi ya mwanasheria wala mshauri wa kodi, na ofisi haipendekezi kampuni yoyote wala haikatazi kampuni yoyote, hilo lieleweke kabla hatujaenda mbali.

Kinachozunguka kwenye magrupu ya wasapu ni ofa ya "kipande cha kondo", yaani fleti, kwenye resoti ya ski, ya kuteleza kwenye theluji, Niseko au Hakuba, lipa kidogo kidogo, Waaustralia wanakuja kuteleza wewe unakula pango lao, na ukimaliza kulipa unapata ukaazi wa Japan. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yanayouza, na ndiyo ya uongo. Japan haina visa ya kununua nyumba. Haina. Ununue chumba kimoja au hoteli nzima, hati ya nyumba inahusu nyumba, ruhusa ya kukaa inatolewa na Uhamiaji kwa sababu ya kazi, masomo, ndoa, biashara na kadhalika. Najua kuna nchi zinatoa ukaazi kwa wanunuzi wa nyumba na watu wetu wanachanganya, inaeleweka, lakini kuna mtu nimemjibu mara tatu halafu ananitumia tena ile ile picha ya mlima Yotei yenye mshale mwekundu. Sasa hapo nifanyeje?

Na sisi tuna historia fupi na mambo haya. Agosti 2025, kwenye TICAD, mkutano wa Japan na Afrika kule Yokohama, JICA, shirika la misaada la Japan, ilitangaza mji wa Nagai, mkoa wa Yamagata, kuwa mji rafiki wa Tanzania, mpango wa kubadilishana watu na ujuzi. Ndani ya siku chache mitandao ya huku inapiga kelele kwamba Waafrika wamepewa mji na visa maalum, ya kwetu nayo inashangilia kitu hicho hicho. Hakukuwa na visa yoyote. Septemba mpango wote ukafutwa. Madalali wa kondo wanakula kwenye sahani hiyo hiyo.

Swali la pili ninaloulizwa sana, tena na watu wenye elimu zao, ni "si Wachina wamenunua milima yote huko?" Hapana, na hapa naomba mtulie kidogo maana kwenye resoti ya ski kuna vitu vinne ambavyo kila kimoja kinaweza kuwa na mtu wake: ardhi ya mteremko, lifti za viti zinazopandisha watelezaji, hoteli, na kampuni inayoendesha kila siku. Miteremko mingi ya Japan iko kwenye msitu wa serikali, imekodishwa, haijauzwa. Niseko mnayoisikia ni vituo vinne vinavyouza tiketi moja ya pamoja. Grand Hirafu ni ya Tokyu, Wajapani. Annupuri ni ya kampuni ya mabasi ya hapa hapa Hokkaido. Hanazono ndiyo iliuzwa na Tokyu kwa Waaustralia mwaka 2004, wakaipeleka kwa kampuni ya Hong Kong, PCPD, mwaka 2007. Niseko Village ilikuwa ya Prince, hoteli za kundi la Seibu la Kijapani, ikapitia mikononi mwa benki ya Kimarekani, tangu 2010 iko kwa YTL ya Malaysia. Kwa hiyo mlima mmoja, wenyewe wanne, na mtelezaji hata hajui amevuka mpaka wa nani.

Tomamu, resoti nyingine ya hapa Hokkaido, ni mfano mzuri zaidi. Mwaka 2015 kundi la Fosun kutoka Shanghai lilinunua resoti nzima kwa yen bilioni 18 na kitu, watu wakalia kweli kweli, lakini anayeiendesha alibaki Hoshino Resorts, Mjapani yule yule aliyekuwepo tangu 2004. Mwaka 2024 Wachina wakauza kwa bilioni 40 na kitu, wakaondoka na faida yao, na mpishi wa asubuhi nadhani hakubadilisha hata aproni. Seibu nao mwaka 2022 waliuza furushi la hoteli na resoti zao kwa GIC, mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Singapore, uendeshaji wakabaki nao. Ukisikia "imenunuliwa" uliza kwanza kimenunuliwa kipi.

Mbona waliuza? Wajapani wenyewe waliacha kuteleza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watelezaji walikuwa karibu milioni 18, kila kampuni ya reli na kila halmashauri ikajenga lifti kwa mkopo, uchumi ukapasuka, vijana wakapungua, lifti zikabaki zinazunguka viti vitupu. Aliyekuja na hela alikaribishwa. Theluji yenyewe hakuna aliyeileta, upepo wa Siberia unapita juu ya bahari ya Japan unabeba unyevu unakuja kuumwaga hapa ukiwa theluji kavu kama unga wa sembe. Na siyo kila aliyekuja na hela alikuwa wa kukaa. Mji wa Yubari, uliofilisika na kuingia mikononi mwa serikali kuu mwaka 2007, uliuza kituo chake cha ski pamoja na hoteli mwaka 2017 kwa yen milioni 220 kwa kampuni ya mwekezaji Mchina, miaka miwili baadaye kikauzwa tena kwa watu wa Hong Kong, Desemba 2020 kikafungwa na wafanyakazi wakajikuta nje katikati ya baridi. Wazee wa Yubari wakikuonyesha ile hoteli hawataji uraia wa mtu, wanataja tarehe.

Haya, sheria. Hapa ndipo kazi yangu ilipo kwa hiyo nitaenda taratibu. Mgeni anaruhusiwa kumiliki ardhi Japan, moja kwa moja, kwa jina lake. Sheria ya fedha za kigeni haiangalii pasipoti, inaangalia unaishi wapi. Ukiwa huishi Japan, ukinunua ardhi au nyumba hapa unatakiwa kuripoti kwa Waziri wa Fedha kupitia Benki Kuu ya Japan ndani ya siku 20 tangu uipate. Siku 20, siyo mwezi, na siyo "dalali atafanya", mwenye jukumu ni wewe mnunuzi. Mtanzania anayefanya kazi Sapporo anahesabika mkaazi, haimhusu. Mjapani aliyehamia zake Dubai inamhusu. Usiporipoti adhabu ni kifungo hadi miezi 6 au faini hadi yen laki 5. Misamaha ya baadhi ya matumizi iliyokuwepo imebanwa, na kondo ya kupangisha watelezaji usijidanganye kuwa itaponea humo, ulizeni kabla.

Eneo likiwa kubwa kuna ripoti nyingine, wiki 2 tangu kusaini mkataba, kwa halmashauri: kuanzia mita za mraba 2,000 kwenye maeneo ya mji, 5,000 kwenye maeneo mengine yaliyopangwa, 10,000 kwingine kote. Hiyo inahusu kila mtu, Mjapani na mgeni, na adhabu ni miezi 6 au yen milioni 1. Ukipata msitu, taarifa kwa halmashauri ndani ya siku 90. Ukitaka kufyeka msitu zaidi ya hekta 1 unahitaji kibali cha mkoa KABLA ya kuwasha msumeno, adhabu hadi miaka 3 au milioni 3, na mwaka 2025 serikali ya Hokkaido ilisimamisha mradi chini ya Yotei pale Kutchan, mji wenye Hirafu, kwa sababu hiyo hiyo, miti ilishalala. Watu wanasema Japan haina sheria za ardhi kwa wageni. Zipo, tatizo hazisomwi.

Upande wa kodi nao. Asiye mkaazi lazima ateue mtu wa Japan wa kupokea barua za kodi na kulipa kwa niaba yake. Pango analolipwa asiye mkaazi na kampuni inayoendesha kondo hukatwa asilimia 20.42 kabla halijamfikia, na akiuza, kwa kawaida mnunuzi anazuia asilimia 10.21 ya bei. Bado kodi ya mali kila mwaka, kawaida asilimia 1.4 ya thamani iliyokadiriwa, bado ada ya usimamizi na ya kusukuma theluji, na kodi ya malazi, ambayo Kutchan tangu Novemba 2019 inatoza kwa asilimia, walianza na 2. Na leseni: ukipangisha chini ya sheria ya makazi ya muda mwisho ni siku 180 kwa mwaka. Kwenye zile ofa za wasapu sijawahi kuona hata moja inayotaja makato haya, yote yanaanza na "faida safi".

Mtu ataniambia, basi nafungua kampuni naomba visa ya mwendesha biashara. Sawa, hiyo ipo. Ila tangu tarehe 16 Oktoba 2025 mtaji unaotakiwa umepanda kutoka yen milioni 5 hadi milioni 30, lazima uajiri angalau mtu mmoja wa kudumu, lazima wewe au mfanyakazi wako ajue Kijapani kwa kiwango kinachoeleweka, uwe na uzoefu au shahada ya juu, na mpango wa biashara ukaguliwe na mtaalamu. Waliokuwa nayo tayari wamepewa muda wa miaka 3. Anayekuambia leo milioni 5 inatosha amekariri karatasi ya zamani, au anajua na anakuchezea.

Kwa walioko huku tayari, kitu kimoja: kubeba watelezaji kwa gari lako kwa malipo ni kosa hata kama aliyelipa ni rafiki wa rafiki. Teksi halali ina namba ya kijani, gari lako lina namba nyeupe, polisi wanasimama uwanja wa ndege New Chitose wanaangalia rangi tu. Adhabu hadi miaka 3 au milioni 3, na baada ya hapo ukaazi wako nao uko mezani.

Wiki iliyopita alikuja kaka mmoja anayefanya usafi wa vyumba Hirafu, bado na buti za kazi zinadondosha maji kwenye sakafu yetu. Amelipia kondo miezi kumi na moja. Nikamwambia kaka, nionyeshe mkataba, akatoa skrinshoti. Nikamuuliza namba ya kiwanja, akaniambia "dada, ipo kwenye picha," kweli ilikuwepo, ndogo chini ya nembo. Watu hawajui hili na linanisikitisha: Japan mtu yeyote, hata usiyehusika, unaweza kwenda ofisi ya usajili wa ardhi, Homukyoku, ukalipa yen 600 ukapewa cheti kinachoonyesha mwenye nyumba ni nani na inadaiwa na benki gani. Yen 600, bei ya bakuli la tambi za soba. Tukaenda pamoja, ni jengo la jirani. Karatasi ikatoka na jina la kampuni moja, halikuwa la dalali wala la kaka yetu, na chini yake rehani ya benki.

Akaisoma polepole, akaikunja mara nne akaiweka kwenye mfuko wa koti. Halafu akaniuliza kama hiyo 600 nayo anaweza kumdai dalali.