Uwiano wa sauti: unachosikiliza unapojaribu iyafoni ya bei nafuu

Kijana anayeuza iyafoni karibu na daraja la Kondele, hapa Kisumu, ana wimbo mmoja tu wa majaribio. Ukichagua zile za shilingi 200, anazichomeka kwenye simu yake, anabonyeza, na ngoma inakugonga kichwani kama mtu anatwanga mahindi humo ndani. “Umeskia besi, mkubwa?” Umeisikia, hata mama wa ndizi jirani ameisikia. Unatoa pesa. Jioni, ndani ya matatu ya Ahero, unafungua taarifa ya habari na mtangazaji anaongea kama mtu aliyejifunika blanketi gubigubi. Besi ipo, maneno ndiyo hayapo.

Kilichokosekana hapo ni uwiano wa sauti, na ndicho kitu cha kwanza kusikiliza kabla ya kuuliza iyafoni ina nguvu kiasi gani. (Nasema iyafoni. Simu yangu nikiiweka kwa Kiswahili inaziita “vipokea sauti vya masikioni”, lakini sijawahi kumsikia mtu Kisumu akivinunua kwa jina hilo.)

Maana yake ni hii. Kila sauti ni mtikisiko wa hewa, na tunahesabu mtikisiko huo ni mara ngapi kwa sekunde. Kipimo chake ni Hertz. Sikio la kijana mwenye afya husikia kuanzia karibu 20 hadi 20,000, na umri unavyosonga zile za juu ndizo hutangulia kupotea. Chini ndiko iliko besi: waya mnene kabisa wa gitaa la besi hutetemeka mara 41 kwa sekunde, na ule mnene wa gitaa la kawaida mara 82. Katikati ndiko binadamu anakoishi, yaani mazungumzo, uimbaji na sehemu kubwa ya ala. Juu kuna matoazi, njuga, na ule mvuvumo wa herufi “s”. Uwiano ni jinsi iyafoni inavyogawa nguvu kati ya sehemu hizo. Ikimpa mmoja sahani ya wote, wengine wanalala njaa.

Mimi hushika miksa kanisani Jumapili, ile mashine ya kupanga sauti za maikrofoni, kwa hivyo picha inayonijia ni ya kwaya. Sauti ya nne wakiisogelea maikrofoni na sauti ya kwanza wakabaki nyuma kule kwenye pazia, hakuna aliyeimba vibaya, ila wimbo umeharibika. Waumini watasema spika ni mbovu. Spika haina kosa.

Kwa nini basi iyafoni nyingi za bei ya chini hujazwa besi? Sababu moja ni ile sekunde kumi ya pale kibandani: besi hujiuza yenyewe. Sababu ya pili ina haki kidogo, na watu wanaodharau besi huisahau. Injini ya matatu hunguruma kwa sauti za chini, na ngurumo hiyo humeza besi ya wimbo wako. Iyafoni iliyozidisha besi kiasi inaweza kusikika sawa kabisa barabarani na ikakuchosha ukiwa kitandani. Kwa hiyo jiulize kwanza utaitumia wapi.

Wimbo wangu wa majaribio ni wa nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, na usidhani ni uzalendo. Mchezaji mmoja wa nyatiti hukupa karibu kila kitu unachotaka kupima. Kuna nyuzi nane, nyingine nene zenye sauti ya kifua, nyingine nyembamba. Mguuni amefunga gara, zile njuga za chuma, na kwenye kidole gumba cha mguu amevaa oduong'o, pete ya chuma anayoigonga kwenye mti wa ala yenyewe. Juu ya hayo yote anaimba, na mara nyingi anaimba haraka, anasifu, anataja majina ya watu na ukoo wao.

Sasa sikiliza oduong'o. Kila inapogonga kuna vitu viwili ndani ya pigo moja: mlio wa chuma, halafu kishindo kifupi cha mti. Iyafoni mbovu hukupa kimoja, ama “ting” tupu isiyo na mwili, ama “dum” ambayo huwezi kujua kama ni pete au ni goti la mchezaji. Kisha hamia kwenye gara. Zinatakiwa zisikike chembe chembe, kama mchele unaomwagwa kwenye ungo. Zikigeuka “shaaa” moja ndefu, kama mvua juu ya mabati, sehemu ya juu imechafuka. Mwisho ni mwimbaji mwenyewe: yuko mbele ya nyuzi zake au amezama nyuma yake? Ukilazimika kukunja uso ili kuyashika maneno, sehemu ya kati imekandamizwa.

Msomaji wa Kakamega atumie isukuti, ngoma za Waluhya. Ngoma zake huchezwa tatu pamoja, kubwa, ya kati na ndogo, na kazi ya iyafoni ni kukuwezesha kuzihesabu. Ukisikia ngoma moja kubwa yenye haraka nyingi, weka chini hiyo iyafoni. Anayependa benga alifuate gitaa la besi peke yake kwa dakika nzima. Besi ya benga hutembea, inaruka, inajibizana na gitaa la kuongoza. Ukiweza kuipiga mluzi baada ya kuisikia, umepata besi. Ukisikia ngumi tu kila baada ya muda, umepata kelele za chini, na hizo ndizo huuzwa kwa jina la besi.

Kwa maneno matupu, chukua taarifa ya habari au mahubiri. “S” ya “saa sita” isikuchome kama sindano, wala isipotee. Ikipotea, “sisi” inakuwa “fisi”, na hiyo si hadithi ya kuchekesha ukiwa unamsikiliza mhubiri. Kinachotofautisha “s” na “f” kiko juu sana, maelfu kadhaa ya Hertz. Simu za zamani zilibeba sauti za kati ya 300 na 3,400 pekee, na ndiyo maana mtu akikutajia jina lake kwa simu hizo ulimwomba alitaje herufi kwa herufi.

Lakini kuna jambo ambalo linaweza kukufanya uhukumu iyafoni isiyo na hatia, na mimi nililifanya. Nilinunua moja mjini kwa shilingi 250, nikaitukana wiki nzima. Ilikuwa nyembamba, kali, haina besi hata ya kuazima. Nikampa mpwa wangu, mvulana wa darasa la nane, nikijua nimemtupia takataka. Akaichukua, akang'oa ile mipira laini ya mbele, akaweka midogo iliyokuwa ndani ya kifuko ambacho mimi sikukifungua. Akavuta sikio juu kwa mkono wa pili, akasukuma. Kisha akanitazama. “Anko, wewe hukuziingiza. Uliziweka tu mlangoni.” Aliponibadilishia na mimi, besi ikatokea kama mtu aliyekuwa amejificha nyuma ya mlango.

Sababu inaeleweka ukifikiria pampu ya baiskeli. Ndani ya iyafoni kuna kispika kidogo, nyingi zake zina upana wa karibu milimita 10. Kitu kidogo hivyo hakiwezi kuitikisa hewa ya chumba. Kinaweza tu kwa sababu kinasukuma kahewa kadogo kaliofungiwa kati yake na ngoma ya sikio. Pampu ikikaa vibaya kwenye valvu, ukisukuma polepole hewa yote hutorokea pembeni. Ukisukuma kwa haraka, kiasi fulani huingia. Besi ndiyo ule msukumo wa polepole. Pakiwa na nafasi ndogo tu kati ya mpira na sikio, besi hutoroka ya kwanza, na sauti za juu hubaki zikikupigia kelele peke yake. Unabaki ukisema iyafoni ni kali, kumbe inavuja.

Kwa hiyo kabla ya kusema lolote, fanya hivi: wimbo ukiwa unacheza, bonyeza iyafoni ndani taratibu kwa kidole. Besi ikiongezeka, mpira haukukai. Jaribu saizi nyingine. Sikio la kushoto na la kulia yanaweza kutaka saizi tofauti, na hakuna aibu. Muuzaji akikataa usibadilishe mipira pale pale, ana haki yake kwa sababu za usafi, lakini basi muulize kama kuna saizi tatu ndani ya boksi. Bila hizo unacheza kamari.

Kuna fumbo jingine liko ndani ya sikio lenyewe. Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa karibu sentimita 2.5, na kama chupa ya soda inavyolia ukiipulizia mdomoni, tundu hilo nalo huvuma lenyewe, karibu na Hertz 3,000. Tumezaliwa na mvumo huo, ubongo unauona ni wa kawaida. Ukiliziba tundu kwa iyafoni, mvumo ule wa asili unavurugika, na mtengenezaji inabidi aurudishe kwa kuongeza nguvu maeneo hayo. Asipoongeza, unapata lile blanketi la mtangazaji. Akizidisha, vinanda na sauti za akina mama zinakukata. Kampuni ya Harman ya Marekani, kupitia watafiti wakiwemo Sean Olive, ilitumia miaka ikiwasikilizisha watu na kuwauliza wanapenda uwiano gani, na mstari waliouchora kuonyesha uwiano huo sasa hutumiwa na wengi kama kipimo cha kuanzia. Mchina anayetengeneza iyafoni ya shilingi 800 anaweza kuufuata mstari huo sawa na anayetengeneza ya shilingi 30,000.

Hilo linanileta kwenye bei. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya vipokea sauti 283 na kuvilinganisha na bei zake madukani. Hakukuta uhusiano kati ya bei na uwiano wa sauti. Pesa hununua vitu vingine: waya usiokatika pale kwenye jeki baada ya mwezi, maikrofoni isiyoleta upepo wote wa ziwa kwenye mazungumzo, kispika cha kushoto kinacholingana na cha kulia. Hilo la mwisho lipime. Msemaji mmoja anapoongea, sauti yake inatakiwa itokee katikati ya kichwa. Ikiegemea upande, zigeuze, ya kushoto iende kulia. Ikihama upande, kosa ni la iyafoni. Isipohama, angalia mipira yako, au masikio yako.

Maandishi ya boksi yapuuze kiasi. “20–20,000 Hz” huandikwa hata kwenye zile zinazouzwa kwa mafungu soko la Kibuye. Inakuambia kuna sauti mahali fulani huko. Haikuambii ni kubwa kiasi gani, na uwiano wote uko hapo kwenye “kiasi gani”.

Mtego mkubwa wa kibandani ni sauti kuwekwa juu. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell huko Marekani walionyesha kwamba sikio halisikii besi kwa usawa: sauti ikiwa ndogo, besi hufifia kuliko sehemu ya kati, ukiongeza, hujaa. Ndiyo maana karibu kila kitu kikipigwa kwa nguvu huonekana kizuri, na iyafoni yenye kelele zaidi hushinda ile tulivu hata kama tulivu ndiyo bora. Ukilinganisha mbili, shusha mpaka mtangazaji asikike kwa kiwango kile kile kwenye zote, halafu ndipo uamue. Na ukiwa hapo chini, kumbuka Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) zisizidi saa 40 kwa wiki. Kila ukiongeza 3, muda hukatwa nusu. Mpira unaoziba vizuri hukusaidia hapa pia, kwa sababu kelele za nje zikipungua huna haja ya kushindana na dereva.

Zile zisizo na waya, zijaribu kwa muziki na kwa simu, kila kimoja peke yake. Maikrofoni ya Bluetooth ikiwashwa, muunganisho hubadilika kuwa wa mazungumzo na ubora hushuka. Usizitupe kwa kosa hilo, nyingi ndivyo zilivyo. Ikwalaiza ya simu, pale unapopandisha na kushusha besi na sauti za juu, nayo inaweza kupunguza besi iliyovimba, ila haiwezi kutibu kispika kinachokoroma.

Juzi nilirudi kwa yule kijana wa Kondele na simu yangu. Nikamwomba mipira midogo, nikaweka nyatiti. Akacheka: “Mzee, hiyo si ni ya matanga?” Nikampa asikilize mwenyewe, kwanza ile anayoisifia, halafu nyingine nyeusi iliyokuwa imelala chini ya chaja. Alisikiliza ya pili kwa muda mrefu kidogo, akiangalia chini. “Kumbe huyu jamaa ana kengele mguuni,” akasema. Nikamuuliza bei. Asubuhi ilikuwa 250. Akaniambia 300.