Imla ya simu: kuandika kwa sauti ni kitu gani, na programu yake unaichaguaje

Kama umesoma shule ya msingi huku kwetu basi imla unaijua. Mwalimu anasimama mbele na kitabu, anasoma sentensi polepole, anarudia mara mbili, nyie mnaandika, afu mnabadilishana madaftari mnasahihishana, na aliyekosa sana anajua mwenyewe kitakachompata. Sasa hii kitu inaitwa kuandika kwa sauti ni imla ileile ila mmebadilishana viti, mwalimu ni wewe na mwanafunzi ni simu au kompyuta. We unaongea, yenyewe inaandika. Na kama darasani tu, kazi haijaisha mpaka madaftari yasahihishwe, na hapo kwenye kusahihisha ndo watu wengi huwa hawapahesabu wakati wanatafuta programu.

Kwanza tusichanganye mambo. Voisi ya WhatsApp sio imla, ile ni sauti inabaki sauti na kwa kawaida anayepokea lazima aisikilize yote (shangazi yangu huwa anatuma za dakika saba). Kuiambia simu "mpigie fulani" nayo sio imla, pale simu inatafuta amri tu. Programu inayokusomea maandishi kwa sauti hiyo ni safari ya kinyume kabisa. Afu kuna unukuzi, yaani una rekodi ya kikao cha saa mbili unataka iwe maandishi, huyu ni ndugu wa karibu sana wa imla na mara nyingi injini ni hiyohiyo moja, ila kwenye rekodi watu wanaongea kwa pamoja, wanacheka, feni inalia, kiti kinaburutwa, na hakuna anayeangalia kioo kuona kinachoandikwa. Kwenye imla uko peke yako na maneno unayaona yanatokea, ikikosea unarudia. Kwa hiyo mtu akikwambia programu fulani ni kali muulize kwanza kali kwa lipi.

Inafanyaje kazi? Maiki inakamata sauti, programu inaikata vipande vidogo vya sehemu ya sekunde, inakisia hiyo ni milio gani, afu inaangalia kwenye lugha hiyo maneno gani huwa yanafuatana na kuchukua yale yanayoelekea zaidi. Neno la kushika hapo ni kukisia. Ukitaja jina la mtaa ambalo haijawahi kulisikia haikuulizi "umesemaje?", inaandika neno linalofanana nalo kwa kujiamini kabisa, kama yule mwanafunzi wa dawati la nyuma ambaye hakusikia ila hataki kuonekana hajasikia.

Na imetoka mbali. Mwaka 1952 maabara za Bell kule Marekani walitengeneza mashine wakaiita Audrey, ilikuwa inatambua tarakimu tu, basi, na ilimwelewa vizuri mtu ambaye imeshazoeshwa sauti yake. Mwaka 1990 ikaja programu ya kompyuta inaitwa DragonDictate, bei dola 9,000, na ilibidi usimame kidogo baada ya kila neno yaani. Unaongea. Hivi. Siku. Nzima. Mwaka 1997 ndo wenyewe Dragon wakatoa ya kuongea mfululizo kama binadamu. Naitaja Dragon kwa sababu ukitafuta mtandaoni ndo jina litakalokujia haraka, madaktari na mawakili wa huko nje wameitumia miaka mingi, ila Kiswahili haina, kwa hiyo kama kazi zako ni za Kiswahili usitoe hela yako.

Mi nilianza kwa sababu ya mkono. Nataipu kutwa, barua, ripoti, mihtasari ya vikao, ikafika mahali usiku vidole vya mkono wa kulia vinakufa ganzi mpaka naamka nautikisa kama kipimajoto. Daktari akasema punguza kibodi. Rahisi kusema. Wengine wanaingia kwa sababu ya macho, wengine hawajawahi kujifunza kutaipu wanadonoa kwa kidole kimoja, wengine wanataka haraka tu, na haraka kweli ipo: mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzao walipima watu kwenye simu wakaona kusema kunazidi kutaipu kama mara tatu hivi. Ila soma vizuri, walipima Kiingereza na Kichina cha Mandarin. Kiswahili hakikuwemo, na ukikibeba hicho kipimo kama kilivyo ukakileta huku utajilaumu.

Kiswahili kina mambo yake. Google waliongeza Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti mwaka 2017, pamoja na Kiamhari na lugha nyingine kadhaa, na wakaweka cha Kenya na cha Tanzania kila kimoja peke yake kwenye setingi. Wengi hawajui hilo, wanawasha tu. Mi nilikaa wiki mbili simu ikiwa kwenye Kiingereza, naongea Kiswahili changu safi inanitolea sentensi za ajabu, nikawa naitukana bure kumbe kosa langu. Ukishaweka sawa sasa unakutana na la pili, nukta na mkato. Kwenye Google Docs, ile programu yao ya kuandikia mtandaoni, zile amri za kusema alama za uandishi zipo kwa lugha chache, Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani na wengine wachache, Kiswahili bado. Ukisema nukta inakuandikia neno "nukta". Nina barua moja nimeihifadhi inasomeka "nashukuru kwa ushirikiano wenu nukta naomba pia mkato kama itawezekana mkato tukutane jumatatu". Kwa hiyo alama unaweka mwenyewe kwa mkono mwishoni, na huo ni muda, uhesabu.

Halafu maneno yetu marefu. Chukua "hawakutuambia". Mwingereza anahitaji maneno matano kusema hivyo, sisi moja. Ndani ya neno moja kuna nani, kukanusha, wakati uliopita, nani kaambiwa, vyote vimebanana, mlio mmoja ukipotea maana inahama. Nilimwandikia mwenye nyumba wangu kwa sauti "nimelipa kodi", ikaenda "nimelipwa kodi", jamaa akanipigia simu anacheka anauliza nani kakulipa na nyumba ni yangu. Herufi moja hiyo. Na kipimo wanachotumia wataalamu, kiwango cha makosa ya maneno, kinahesabu maneno yaliyokosewa, yaliyorukwa na yaliyoongezwa kisha yanagawanywa kwa maneno uliyoyasema kweli. Sasa programu ikiandika "ha wakutuambia", imeachanisha tu, we unasoma na kuelewa bila shida, lakini kwenye hesabu hapo kuna neno limekosewa na lingine limeongezwa. Na upande wa pili "nimelipwa" ni kosa moja dogo tu kwenye hesabu wakati kwenye maisha ni ugomvi. Ndo maana zile asilimia za kwenye matangazo mi sizitilii maanani sana.

Afu kuna namna tunavyoongea wenyewe. Hakuna mtu ofisini anasema Kiswahili kitupu, utasikia "nitakutumia ile ripoti kwa imeili afu ukishaiediti nirudishie", na mashine iliyofundishwa habari za redioni inachanganyikiwa. Sheng ndo usiseme. Lahaja nayo, mtu wa Pemba na mtu wa Lubumbashi wote ni Kiswahili lakini mashine imemsikia zaidi nani? Hapo ndo kazi kama Common Voice ya Mozilla (wale wa kivinjari cha Firefox) ina maana, watu wa kawaida wanasoma sentensi kwa sauti zao, wengine wanasikiliza na kuthibitisha, rekodi zinaachwa wazi mtu yeyote azitumie kufundishia. Kiswahili kimo, na mwaka 2021 walitangaza dola milioni 3.4 kwa ajili ya kazi ya Afrika Mashariki. Unaweza kwenda kusoma sentensi zako kumi ukiwa kwenye foleni.

Sasa kuchagua. Mi nina njia moja tu. Chukua kazi yako halisi, usichukue aya ya kwenye gazeti, chukua kitu ulichotaipu jana. Kitaipu tena huku saa ya simu inahesabu. Kisha kiseme, na saa usiisimamishe ukimaliza kusema, isimamishe ukimaliza kusahihisha. Barua yangu ya kawaida ya ukurasa mmoja ilinichukua dakika kumi na moja kutaipu, kwa sauti ilikuwa tatu za kusema na nne za kusahihisha, saba, safi. Nikajaribu orodha ya wanachama wa kikundi na michango yao, majina na namba tupu, kusema dakika nne kusahihisha kumi na tatu, nikarudi kwenye kibodi siku hiyohiyo. Programu ileile, mtu yuleyule. Kwa hiyo swali la "ipi bora" halina jibu mpaka useme unaandika nini.

Kabla hata hujalaumu programu angalia maiki. Iafoni za waya za bei ya kawaida, maiki ikiwa karibu na mdomo, zinasaidia kuliko kubadilisha programu mara tatu, maana maiki ya kompyuta iko mbali inasikia feni kuliko inavyokusikia wewe. Na usiongee kama unamwongelesha mtoto, kuongea kwa kukatakata kunaiharibia kukisia. Sema sentensi nzima, pumua, sema nyingine.

Kingine ni sauti yako inaenda wapi. Nyingi zinapeleka sauti kwenye kompyuta za kampuni huko mbali, zinaandika, zinarudisha, kwa hiyo bando likiisha na imla imeisha. Na kama unaandika habari za wagonjwa au za wafanyakazi hiyo sio siri yako ya kuigawa, Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 na Tanzania ya taarifa binafsi ya mwaka 2022, uliza kazini kwanza. Zipo zinazofanya kazi ndani ya mashine yako bila intaneti, maarufu ni Whisper ya OpenAI (wale wa ChatGPT), ilitoka Septemba 2022, ni ya bure na ina saizi mbalimbali, kubwa inaandika vizuri zaidi ila inataka kompyuta yenye nguvu. Ilifundishwa kwa saa 680,000 za sauti, inatisha, ila humo saa kama 117,000 tu ndo za lugha nyingine 96 zote pamoja ukitoa Kiingereza, na kwenye huo mgao Kiswahili kilipata kipande kidogo. Ina tabia moja mbaya pia, ukinyamaza muda mrefu inaweza kujitungia sentensi ambayo hukusema. Usiiachie kitu cha mahakamani au hospitali bila kukisoma neno kwa neno.

Kwa anayeanza, ningesema anza na ya bure iliyopo tayari, kibodi ya Gboard kwenye simu, au Google Docs kwenye kivinjari cha Chrome, bonyeza Ctrl+Shift+S maiki itatokea, chagua Kiswahili cha kwenu. Mwezi mzima. Ukiona inakutosha hakuna sababu ya kulipia kitu. Ukiona majina ya watu wako yanakosewa kila siku, tafuta inayoruhusu kuongeza maneno kwenye kamusi yake, hilo tu linaokoa muda kuliko sifa zingine zote walizozipamba.

Ila kuna kitu programu haiwezi kukutatulia, nacho ni mahali pa kuongelea. Kwenye daladala haiwezekani. Ofisini nilijaribu siku mbili, kila nikianza "Yah: Maombi ya likizo bila malipo" watu wanageuka. Nyumbani sasa naongelea chumbani nimefunga mlango, na mtoto wa jirani ameshawatangazia wenzake kwamba yule mjomba wa nyumba ya geti jeusi siku hizi anaongea peke yake.