Je, wajua kwa nini malipo ya DJ wa harusi hayapimwi kwa saa?

Mteja anayetafuta DJ wa harusi kwa kawaida huanza na swali moja: "Kwa saa unachaji kiasi gani?" Si swali baya, maana kazi nyingi hulipwa hivyo. Lakini DJ anayezunguka na mitambo yake kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine hauzi saa, na akilijibu swali kama lilivyoulizwa, mapatano yote yatajengwa juu ya kipimo kisichoihusu kazi yake.

Anachouza kwanza ni tarehe. Pale ambapo harusi hufanyika Jumamosi, mwaka mzima una siku 52 za kuuza, na nyingine huwa za msimu ambao hakuna anayeoa. Jumamosi iliyopita bila kazi haiuzwi tena Jumatano. Na ile aliyokwisha kuahidi imefungwa, hata kama wiki inayofuata atatokea mteja mwenye dau mara mbili. Ndiyo maana kianzio kisichorudishwa si ulafi. Ni bei ya kuwakataa watu wengine wote kwa ajili ya tarehe yako.

Kisha kuna saa ambazo hazionekani. Tuchukue mfano wa sherehe ya saa 5. Kukutana na maharusi na kupanga ratiba, saa 2. Kutafuta na kupanga nyimbo walizoomba, pamoja na kuhakikisha wimbo wa kuingilia ni ule hasa wanaoutaka na si toleo jingine, saa 3. Safari ya kwenda na kurudi, saa 2. Kushusha, kufunga mitambo na kujaribu sauti kabla wageni hawajafika, saa 2. Kufungua, kukunja nyaya na kupakia, saa 1. Jumla ni saa 15. Malipo yanayoonekana manono yakigawanywa kwa 5 yanakuwa theluthi tu ya hapo yakigawanywa kwa 15, na bado hatujagusa gharama za vyombo.

Vyombo navyo vina hesabu ambayo wateja wengi hawajawahi kuelezwa, na ma-DJ wengi hawaielezi vizuri. Mtu husema: "Wageni wameongezeka kidogo tu, kwa nini bei ipande?" Jibu limo katika tabia ya sauti yenyewe, maana wageni wakiongezeka, wa mwisho hukaa mbali zaidi na spika. Katika eneo la wazi, kila umbali kutoka kwenye spika unapoongezeka maradufu, sauti hushuka kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Ukiongeza nguvu ya amplifaya maradufu unarudisha desibeli 3 tu. Kwa hiyo, ili mgeni aliye mita 20 asikie sawa na yule aliye mita 10, nguvu inatakiwa kuwa mara nne, si mara mbili. Ndani ya ukumbi kuta husaidia kuirudisha sauti. Bustanini hakuna ukuta. Tena ukilazimisha spika za mbele zifike hadi nyuma, wazee waliokaa karibu nazo watashindwa hata kuzungumza. Njia nzuri ni kuweka spika nyingine katikati ya eneo na kuichelewesha kidogo sauti inayotoka kwazo, ili iendane na ile ya mbele. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, hivyo ile inayotoka mbele huchukua karibu milisekunde 58 kufika mita 20, na pasipo kuzichelewesha spika za katikati, hotuba itasikika kama inajirudia. Hapo zimeshaongezeka spika, stendi, nyaya, muda wa kufunga na pengine msaidizi. Maombi ya "bustanini badala ya ukumbini" yamebadilisha kazi nzima.

Mitambo pia huchakaa. Chukua mfano mwingine wa hesabu: ikiwa seti yako unatarajia ikae miaka 5 na unafanya harusi 30 kwa mwaka, hizo ni harusi 150, na kila moja inapaswa kubeba sehemu moja ya 150 ya gharama ya kununua seti mpya. Ongeza nauli au mafuta, msaidizi, matengenezo, bima kama unayo, na vyombo vya akiba. Hivi vya akiba ndivyo wanavyoanza kuvikata wale wa bei ya chini. Maiki ya pili, kompyuta ya pili yenye nyimbo zilezile, waya wa ziada: kwa mteja havionekani kabisa hadi dakika ile baba wa bibi harusi anasimama kutoa nasaha na maiki imekufa. Kwa maoni yangu, DJ asiye na akiba hajawa nafuu. Amemhamishia mteja hatari bila kumwambia.

Ukishajumlisha hayo yote na kuweka ujira wako juu yake, umepata bei ya chini kabisa ambayo chini yake ni bora ubaki nyumbani. Iandike kabla hujapokea simu yoyote. Anayeitafuta bei hiyo kichwani huku mteja anasubiri upande wa pili karibu kila mara hutaja ndogo kuliko inavyopaswa.

Nani ataje namba kwanza? Mwaka 1974 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza jaribio ambalo watu walizungushiwa gurudumu la namba, lililochezewa ili lisimame kwenye 10 au kwenye 65. Kisha waliulizwa wakadirie ni asilimia ngapi ya nchi za Umoja wa Mataifa zilikuwa za Afrika. Kwa walioona 10, kadirio la kati lilikuwa 25. Kwa walioona 65, lilikuwa 45. Gurudumu halikuwa na uhusiano wowote na swali, lakini liliwavuta. Mteja akitangulia kusema "tumepanga kiasi fulani tu", mazungumzo yatazunguka hapo hapo. Kwa hiyo ni vyema DJ awe wa kwanza kutaja bei, lakini baada ya kuuliza: tarehe, mahali, ndani au nje, wageni wangapi, umeme upoje, kuna mshereheshaji au DJ ndiye atakayeshika maiki, sherehe inaanza na kuisha saa ngapi. Bei inayofuata maswali hayo ina sababu zake. Ukishaitaja, nyamaza. Wengi huharibu hapa kwa kujipunguzia wenyewe kabla mteja hajasema lolote.

Naye akisema ni kubwa, usimwone adui. Harusi ina gharama nyingi na huenda kweli hana. Punguza kazi badala ya kupunguza bei ya kazi ileile: ondoa taa, ondoa mitambo ya kwenye ibada ya ndoa, anza baadaye, au hamieni siku ya katikati ya wiki. Ukishusha bei bila kuondoa chochote, umemthibitishia kwamba bei ya kwanza haikuwa ya kweli, na atakuwa na haki ya kujiuliza kama hata hii ya pili ni ya kweli. Ndugu na marafiki ukitaka kuwasaidia, wasaidie kwa moyo wote, ila andika bei kamili kwenye ankara kisha uandike punguzo chini yake. Rafiki atakayeulizwa na jirani yake "ulimlipa ngapi?" atakuwa na namba sahihi ya kutaja. Ahadi kwamba "hapa utapata wateja wengi" ipokee kwa shukrani, lakini usiiweke katika hesabu. Wageni wa harusi humsifu DJ, na mara nyingi huikumbuka pia bei aliyolipwa.

Jambo linalovunja urafiki kuliko bei yenyewe ni muda wa ziada. Saa ya mwisho imefika, watu wamejaa uwanjani wanacheza, na mtu anakuja kunong'ona: "Ongeza kidogo." Ukikataa unaonekana umeiharibu sherehe, ukidai pesa nyingi hapo hapo unakuwa umewabana watu wasio na njia nyingine. Wote wawili hawako huru kupatana saa hiyo. Ndiyo maana bei ya kila nusu saa ya ziada inapaswa kuwa ndani ya mkataba tangu mwanzo, pamoja na jina la mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema "endelea", kwa sababu mjomba aliyechangamka si lazima awe ndiye mlipaji. Mkataba huohuo useme nani anashughulikia kibali cha muziki pale sheria inapokitaka, nini kitatokea harusi ikiahirishwa, na nani atakuja DJ akiugua. Salio lilipwe siku kadhaa kabla ya sherehe, maana usiku wa harusi bwana na bibi harusi hawapaswi kutafutwa na mtu yeyote kwa ajili ya pesa.