Saa sita ya Warumi ni saa sita yetu

Insha yangu ya kwanza ya historia ya kale ilirudi na duara jekundu kwenye maneno "saa kumi na mbili". Nilikuwa nimesoma katika kitabu cha Kiingereza kwamba Warumi waliweka kazi chini saa ya sita, wakala kidogo na kujinyoosha. Mimi, kwa mazoea ya kugeuza saa za Kiingereza, nikaongeza sita bila kufikiri, nikawalaza Warumi wa watu magharibi. Pembeni mhadhiri aliandika neno moja: "Adhuhuri!"

Alama nilizopoteza hazikuniuma sana. Kilichoniuma ni kujua kuwa ningeiacha ile sita ilivyo, kama anavyoihesabu bibi yangu kijijini, ningepata. Tangu hapo naokota dhana potofu za namna hii, zangu na za wenzangu. Nyingi hazikutoka Roma, tumeuziwa njiani na sinema, tamthilia na vitabu vilivyoandikwa kwingine. Na mara kadhaa jibu lilikuwa limelala kwenye Kiswahili chenyewe.

Dhana: Saa za Warumi lazima uzigeuze

Ukweli ni kwamba sisi hatuna la kugeuza. Mchana wa Kirumi ulianza jua likichomoza, ukaisha likizama, na katikati yake mlikuwa na saa kumi na mbili. Ya tatu ni asubuhi ya kazi, ya sita ni adhuhuri, ya tisa ni alasiri. Neno la Kihispania la usingizi wa mchana, siesta, limetokana na hiyo hiyo saa ya sita ya Kilatini.

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili hupita hapa bila kujikwaa. Chukua mfano wa mwenye shamba la mizabibu aliyetoka kutafuta vibarua saa tatu, saa sita, saa tisa, na mwisho saa kumi na moja. Hatuhitaji tanbihi kujua kwa nini wa mwanzo walinuna: yule wa saa kumi na moja kafanya kazi saa moja tu, jua hilo linakwenda zake, naye kalipwa sawa na wao. Mwingereza inabidi aelezwe. Usiku nao Warumi waliugawa zamu nne, ndiyo maana Mathayo anaposema "zamu ya nne ya usiku" tujue ni kuelekea alfajiri.

Tofauti ipo moja, nayo ni ya jua lenyewe. Roma iko mbali na ikweta. Kiangazi mchana wake hufika saa kumi na tano za leo, na katika baridi ya Desemba hushuka hadi tisa hivi. Warumi waliendelea kuugawa kumi na mbili vilevile, kwa hiyo saa yao ya Juni ilikuwa na dakika kama 75 na ya Desemba kama 45. Hata wao walipata tabu na vipimo vya kuazima. Plinius, mwandishi wa Kirumi, anasimulia kwamba mwaka 263 KK walileta saa ya jua kutoka Catania, kisiwani Sisilia, wakaisimamisha hadharani mjini Roma. Mistari yake ilichorwa kwa jua la Catania. Wakaifuata hivyohivyo, imekosea, kwa miaka 99.

Miezi ni jamaa ya hili. Utasikia kwamba Caesar na Augustus walipachika miezi yao miwili katikati ya mwaka, ndiyo maana Septemba, ambayo kwa jina ni "ya saba", ikasukumwa ikawa ya tisa. Hakuna mwezi uliopachikwa pale. Hapo zamani mwaka wa Kirumi ulianza Machi, na hesabu ya majina inaanzia huko. Julai na Agosti zilikuwepo tayari kwa majina ya Quintilis na Sextilis, wa tano na wa sita, zikabadilishwa majina tu. Mtu wa pwani anayejua kwamba Mfunguo Mosi huhesabiwa baada ya Ramadhani, na wala si mwezi wa kwanza wa mwaka wa Kiislamu, ataelewa kabla hujamaliza kumweleza.

Dhana: Julius Caesar alikuwa mtawala wa kwanza wa Dola ya Kirumi

Hii inachanganya kwa sababu jina lake ndilo lililogeuka cheo. Caesar hakuwahi kuvaa ufalme. Roma yake ilikuwa jamhuri yenye Seneti, yaani baraza la wakuu, na makonsuli wawili, viongozi wa nchi, waliochaguliwa kila mwaka. Mwanzoni mwa 44 KK alipewa udikteta wa maisha, na tarehe 15 Machi mwaka huohuo maseneta wakamchoma visu. Aliyekuja kushika nchi peke yake ni Octavianus, mjukuu wa dada yake, ambaye Caesar alimfanya mwanawe katika wosia. Mwaka 27 KK Seneti ilimpa jina la Augustus. Ndiye yule wa Luka sura ya pili, aliyetoa amri watu waandikishwe. Naye alikwepa neno mfalme, maana kwa masikio ya Kirumi lilikuwa tusi. Alijiita princeps, yaani wa kwanza miongoni mwa raia, akaiacha Seneti ikutane na kujadili huku jeshi likiwa kiganjani mwake. Kwa hiyo angalia kalamu yako: ukiandika "mfalme wa kwanza wa Roma", mwalimu mkali atakukumbusha kwamba huyo ni Romulus wa kwenye hekaya.

Kifo cha Caesar wengi tumekijua kupitia tamthilia ya Shakespeare, ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri miaka ya 1960. Tamthilia haijala kiapo. Pale Caesar anaangukia Capitol, kilima cha mahekalu cha Roma, akimlalamikia Brutus, mmoja wa wauaji wake, kwa Kilatini. Kihistoria aliuawa katika ukumbi uliokuwa sehemu ya jumba la maonyesho la Pompeius, kwa kuwa jengo la Seneti lilikuwa bado linajengwa upya. Suetonius, aliyeandika zaidi ya miaka mia moja baadaye, anasema alipigwa visu 23 bila kutamka neno. Kisha anaongeza kuwa wapo wanaodai alimwambia Brutus, "Na wewe, mwanangu?" Na eti alisema kwa Kigiriki! Warumi wa tabaka lake walikichomeka Kigiriki kwenye mazungumzo kama wakili wa Dar es Salaam anavyochomeka Kiingereza.

Jambo jingine linalonifurahisha hapa ni matamshi. Katika Kilatini cha enzi hiyo herufi C ilisomwa K siku zote, kwa hiyo anayesema "Kaisari" yuko karibu na alivyoitwa mwenyewe kwao kuliko anayesema "Siza". Wajerumani walilibeba jina hilohilo kama Kaiser. Hans Meyer alipofika kilele cha Kibo mwaka 1889, alikiita kwa jina la Kaiser Wilhelm. Ina maana jina la yule aliyechomwa visu 23 limewahi kukaa juu kabisa ya Kilimanjaro, kabla kilele hakijaitwa Uhuru.

Za sinema, haraka haraka

Kaisari Nero hakupiga fidla Roma ikiungua Julai mwaka 64. Fidla zilikuwa bado hazijabuniwa. Mwanahistoria wa Kirumi Tacitus anasema moto ulipozuka Nero alikuwa Antium, mji wa pwani kusini mwa Roma, kisha akarudi na kuwafungulia waliounguliwa bustani zake. Kwamba aliimba juu ya kuteketea kwa Troya, Tacitus anaiandika kama uvumi, naye mwenyewe alikuwa mtoto mdogo mwaka ule. Usimfanye Nero mwema kwa ajili hiyo: ndiye aliyewabebesha Wakristo lawama za moto na kuwaua kinyama.

Magladieta, wapiganaji wa kuburudisha watazamaji, hawakufa kila walipoingia uwanjani. Kumlisha, kumfundisha na kumtibu mmoja kulikula fedha, na mwenye kikosi aliwakodisha kama mtu akodishavyo trekta. Mwanasheria Gaius wa karne ya 2 anatoa mfano wa makubaliano: dinari 20 kwa kila atakayerudi mzima, dinari 1,000 kwa atakayeuawa au kulemaa. Ukisoma tarakimu hizo mbili utajua mwandaaji wa michezo alikuwa na sababu ya kuombea waliokodiwa warudi hai. Nayo ile salamu ya "tunaokwenda kufa twakusalimu" imeandikwa kutamkwa mara moja tu, mwaka 52, na wafungwa waliopelekwa kupigana kwa merikebu katika ziwa Fucinus.

Vomitorium si chumba cha kutapika ili ule tena. Ni njia ya kupita kwenye uwanja wa maonyesho, inayotema watu nje kama milango ya uwanja wa mpira filimbi ya mwisho ikishalia.

Sanamu hazikuwa nyeupe, zilipakwa rangi, nywele, midomo, nguo na vyote, kisha rangi ikabanduka kwa karne nyingi.

Na kama uliwahi kukatwa alama kwa kuandika nne kuwa IIII badala ya IV, pole. Kwenye Colosseum, uwanja mkubwa wa maonyesho wa Roma, milango ilichongwa namba, na mlango wa 44 umeandikwa XLIIII.

Dhana: Dola ya Kirumi ilikufa mwaka 476

Mwaka huo Odoacer, kamanda wa asili ya Kijerumani, alimwondoa kijana Romulus Augustulus kwenye kiti cha nusu ya magharibi ya dola, ambayo ilikuwa imegawanywa mbili. Hakuweka mwingine, na mavazi na alama za ukaisari zikapelekwa Constantinople, Istanbul ya leo, mji mkuu wa nusu ya mashariki uliozinduliwa na Kaisari Constantinus mwaka 330. Huko kulikuwa na Kaisari mwingine, na dola ilikuwa inaendelea na shughuli zake.

Aliyepita madrasa ana ushahidi mdomoni. Sura ya 30 ya Kurani inaitwa Ar-Rum, na inafungua kwa kutaja kwamba Warumi wameshindwa, na kwamba baada ya kushindwa watashinda. Warumi gani hao katika karne ya 7, ikiwa Roma ilikufa mwaka 476? Ni hawa wa Constantinople, waliokuwa vitani na Wafursi. Wafursi waliiteka Jerusalem mwaka 614, kisha Kaisari Heraclius akawageuzia kibao na kuwapiga karibu na Ninawi mwaka 627. Waarabu waliwaita Rum kwa sababu wenyewe walijiita Warumi, japo walizungumza Kigiriki. Jina "Bizanti" lilienezwa na wanazuoni wa Ulaya dola ikiwa imeshazikwa. Ilizikwa tarehe 29 Mei 1453, Mehmed wa Pili, sultani wa Waturuki, alipouteka mji, na hata yeye akajitwalia cheo cha Kaisari wa Rum.

Hapohapo inadondoka dhana nyingine, kwamba kila Mrumi alisema Kilatini. Mashariki mwa dola Kigiriki ndicho kilichokuwa lugha ya soko na barua. Paulo, raia wa Rumi kwa kuzaliwa, aliwaandikia Wakristo wa Roma yenyewe kwa Kigiriki. (Rafiki yangu mmoja alikua akidhani Waraka kwa Warumi ni barua kwa Wakatoliki, maana mtaani kwao "Mroma" ni Mkatoliki. Simcheki, nami nina ile saa kumi na mbili.)

Dhana: Roma ni habari ya Wazungu

Hii ndiyo iliyonifanya nikaribie kuacha somo. Afrika yenyewe ilianza kuwa jina la jimbo la Kirumi, kule Carthage, Tunisia ya leo. Septimius Severus, aliyetawala dola yote kuanzia 193 hadi 211, alizaliwa Leptis Magna, katika Libya ya leo, akafia York, Uingereza, akiwa vitani. Augustino, anayesomwa seminarini hadi leo, alizaliwa Thagaste, ndani ya Algeria ya sasa.

Wapo wanaofikiri pia kwamba watumwa wa Roma walikuwa Waafrika weusi. Roma haikuchagua rangi. Ilitia minyororo Wagalia, Wagiriki, Wasiria, Wajerumani, yeyote aliyetekwa au kuuzwa. Spartacus, gladieta aliyeongoza uasi wa watumwa, alikuwa Mthrakia, mtu wa Balkani ya leo, na uasi wake ulipozimwa mwaka 71 KK wenzake 6,000 walisulubiwa kandokando ya barabara ya Appia, kutoka Capua mpaka Roma.

Kwa upande wa pwani yetu, kuna wanaotia chumvi kwamba Warumi walitutawala. Hawakututawala. Walichofanya ni biashara. Katika karne ya 1 BK mfanyabiashara mmoja wa Misri ya Kirumi aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa mabaharia, akaieleza pwani aliyoiita Azania na soko lake la mwisho, Rhapta. Anataja pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Jina Rhapta, anasema, limetokana na mashua zilizoshonwa. Mashua ya mbao zilizoshonwa kwa kamba, bila misumari: anayejua mtepe hana haja ya kuchorewa.

Na wapo Waafrika ambao Roma haikuwaweza. Matendo ya Mitume inamtaja towashi wa Kandake, malkia wa Wakushi, ufalme uliokuwa Sudan ya leo. Kandake lilikuwa jina la cheo, na mmoja wa waliokishika aliongoza vita dhidi ya Warumi miaka ya 20 KK. Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki, anasema alikuwa na jicho moja. Majeshi yake yalishuka hadi Aswan na kung'oa sanamu za Augustus. Warumi wakajibu kwa kuuteketeza mji wa Napata, lakini mwishowe wajumbe wa Kushi walikutana na Augustus katika kisiwa cha Samos, akawafutia kodi. Kichwa kimoja cha sanamu ya shaba ya Augustus kilifikishwa Meroe, mji wa Wakushi, kikafukiwa chini ya ngazi za hekalu, kila anayeingia amkanyage. Kilichimbuliwa mwaka 1910, macho yake ya kioo na mawe yakiwa bado mahali pake.